Hatumtambui: Mtaa, Parokia na Marehemu Asiye na Jumuiya



Ndugu msomaji, katika parokia zetu za mjini kuna neno moja ambalo likitamkwa msibani huwanyamazisha watu wote: "Hatumtambui." Kwa kawaida hulisema mwenyekiti wa jumuiya au katibu wake, daftari likiwa mkononi. Maana yake ni kwamba marehemu hakuwa akisali jumuiya, jina lake halimo, zaka yake haionekani, na kwa hiyo Kanisa lisitarajiwe kumzika. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tumelisikia neno hilo tukiwa kwenye uchungaji wakati wa likizo, na tuliporudi seminarini tumelijadili darasani na mezani. Katika makala hii tunataka kueleza jambo lililo nyuma ya neno hilo. Kanisa la parokia lina uhusiano gani na mitaa inayolizunguka? Nani ni wa parokia: aliyeandikwa daftarini, au anayeishi mtaani?

Mfano wetu ni viunga vya Singida mjini, kwa sababu huko ndiko tulikotembea kwa miguu.

Mitaa kati ya mawe

Anayefika Singida kwa mara ya kwanza huona mawe kabla ya kuona nyumba. Miamba ya graniti imetapakaa kila upande, mingine mikubwa kuliko kanisa, na mitaa ya viunga imelazimika kuizunguka. Njia inakwenda sawasawa, inakutana na jiwe, inakata kushoto, inapita nyuma ya choo cha mtu, kisha inatokea kwenye shamba la alizeti ambalo nusu yake imeshapimwa viwanja. Kuna Ziwa Singidani, kuna Ziwa Kindai, na kati ya maji na mawe mji umepanuka kwa kufuata barabara kuu: ya Dodoma, ya Arusha kupitia Babati, na ya Nzega inayokwenda hadi Mwanza.

Majina ya mahali yanaonyesha jinsi watu walivyokaa. Majengo ipo, kama ilivyo karibu katika kila mji wa Tanzania. Utemini inamkumbusha mtemi. Halafu kuna Unyambwa, Unyankindi na Unyamikumbi, majina yenye mwanzo wa "Unya-" ambao kwa Wanyaturu hutangulia jina la watu wa eneo au ukoo wao. Zamani, kutaja mahali ilikuwa ni kutaja wenyeji wake. Leo mpangaji wa chumba kimoja Unyambwa anaweza kuwa Msukuma, Mgogo, Muha au Mchaga, na mwenye nyumba wake ana simu yake tu na jina lake la kwanza.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika mkoa mzima wa Singida. Ile ya 2022 ilihesabu 2,008,058. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki sita kwa miaka kumi. Si wote waliokuja mjini, wengi wao ni watoto waliozaliwa vijijini, lakini yeyote anayepita Mandewa au Misuna asubuhi anaona mji unavyojaa. Wapo vijana wanaopakia mizigo kwenye soko la vitunguu la Misuna. Wapo madereva na matingo wa malori, wanafunzi wa vyuo, wauguzi wapya, waendesha bodaboda na bajaji, na mafundi ujenzi wanaohama na kazi. Wengi hukaa miezi sita au mwaka, halafu wanahama tena.

Tukumbuke pia kwamba neno "mtaa" katika nchi yetu lina maana mbili. Ni njia yenye nyumba huku na huku, na ni ngazi ya serikali: mjini, chini ya kata, kuna mtaa wenye mwenyekiti wake wa kuchaguliwa, na uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, kulikuwa na Operesheni Anwani za Makazi. Barabara zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano. Hivyo serikali inaweza kuifikia nyumba kwa namba. Sisi kanisani bado tunaelekezana kwa namna yetu: "Nyumba ya pili nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, uliza kwa mama fulani."

Sasa tutoe mfano, bila kutaja parokia wala mtu. Fundi mwashi mmoja, kijana aliyetoka mkoa mwingine, alifariki usiku katika chumba alichopanga kwenye mtaa wa pembezoni. Alikuwa amekaa hapo mwaka na miezi kadhaa. Mtaa ulimjua: mama ntilie alimjua, waendesha bodaboda wa kijiweni walimjua, na mwenye nyumba wake, ambaye ni Mwislamu, alijua hata siku ambazo alikuwa hali vizuri. Majirani walipouliza, ndugu yake akasema kwa simu kwamba marehemu ni Mkatoliki, amebatizwa na kupata kipaimara. Basi wakatumwa watu kwa viongozi wa jumuiya. Jibu lilikuwa lile lile: hatumtambui. Usiku huo mwenye nyumba ndiye aliyekwenda kutafuta turubai na viti.

Asubuhi kulikuwa na mabishano, baadaye zikapigwa simu mpaka parokia ya nyumbani kwao, katekista wa huko akafungua daftari la ubatizo na kulikuta jina. Kijana alizikwa kwa sala za Kanisa, jioni sana, watu wakiwa wamechoka na baadhi wamekasirika. Waliochimba kaburi walikuwa mchanganyiko wa Waislamu, Walutheri na Wakatoliki wachache. Ndugu wa marehemu waliofika kwa basi waliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: "Kwani parokia hii ni ya nani?"

Neno lenyewe linasema nini

Neno "parokia" limetoka katika Kigiriki, *paroikia*. *Oikos* ni nyumba, na *para* ni kando. *Paroikos* ni mtu anayekaa kando ya nyumba za wenyeji: jirani, lakini jirani mgeni, mkazi asiye mwenyeji. Waraka wa Kwanza wa Mtume Petro unatumia maneno ya jamii hiyo kwa Wakristo wote, ukiwaita wageni na wapitaji hapa duniani. Mwishoni mwa karne ya kwanza, barua ya Klementi wa Roma kwa Wakorinto inajitambulisha kuwa imetoka kwa Kanisa linalokaa ugenini Roma kwenda kwa Kanisa linalokaa ugenini Korinto. Kwa hiyo mwanzoni parokia haikuwa jengo wala eneo. Ilikuwa hali ya watu wote, tangu askofu mpaka aliyebatizwa jana: ugenini.

Kuna mahali pengine neno hilo linatokea ambapo panatuhusu zaidi. Katika sura ya 23 ya Kitabu cha Mwanzo, Sara amekufa Hebroni. Abrahamu anasimama mbele ya Wahiti na kujieleza kuwa yeye ni mgeni anayekaa kwao, kisha anaomba mahali pa kumzika mkewe. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, ile ya Septuaginta, inamwita Abrahamu hapo *paroikos*. Angalia anachoomba huyo *paroikos*: kaburi. Angalia pia wanaomjibu. Hao Wahiti hawakuwa wa imani yake, lakini wanamwambia achague kaburi lililo bora miongoni mwa makaburi yao. Mwishowe alilipa shekeli 400 za fedha kwa Efroni, maana hakutaka kupewa bure. Tulipoisoma sura hii baada ya yale ya Singida tulimkumbuka mwenye nyumba na turubai lake.

Ilichukua karne nyingi neno hilo lipate maana ya eneo lenye mipaka na kasisi wake. Hatua kubwa ilikuwa Mtaguso wa Trento. Katika kikao cha 24, mwaka 1563, Mtaguso uliwaagiza maaskofu wawagawe watu katika parokia zilizo dhahiri, kila moja na paroko wake wa kudumu anayeweza kuwafahamu watu wake. Sababu ilikuwa ya kichungaji kabisa: mahali pasipo na mipaka, hakuna kasisi anayejua ni nani atakayedaiwa juu yake. Mpaka uliwekwa ili kumbana paroko, asiweze kusema kwamba mtu fulani si wake.

Jambo hili limebaki katika Sheria ya Kanisa tuliyo nayo, iliyotangazwa mwaka 1983. Kanoni ya 515 inaieleza parokia kuwa ni jumuiya fulani ya waamini iliyoundwa kwa kudumu katika Kanisa mahalia, na uchungaji wake umekabidhiwa kwa paroko. Kanoni ya 518 inaongeza kwamba kwa kawaida parokia iwe ya eneo, yaani iwakumbatie waamini wote wa eneo hilo. Tuliweke wazi hilo neno "wote". Linajumlisha wasioandikishwa, wasiolipa zaka na wasiojulikana kwa katibu.

Mtu anakuwaje wa eneo? Kanoni ya 102 inajibu kwa namna ambayo ingewashangaza viongozi wengi wa jumuiya. Anayeishi katika eneo la parokia akikusudia kubaki hapo daima, au aliyekwisha kukaa hapo miaka mitano kamili, ana makao. Anayeishi hapo akikusudia kukaa walau miezi mitatu, au aliyekwisha kukaa miezi mitatu, ana makao ya muda. Na kanoni ya 107 inasema kwamba kwa makao, au kwa makao ya muda, kila mtu anapata paroko wake. Hata yule asiye na makao popote ana paroko: ni paroko wa mahali alipo kwa wakati huo. Hakuna Mkatoliki asiye na paroko. Yule fundi mwashi, kwa mwaka wake na miezi kadhaa, alikuwa na paroko tangu mwezi wa tatu, ingawa huenda wote wawili hawakujua.

Kuhusu mazishi, kanoni ya 1176 inasema waamini waliofariki ni lazima wapewe mazishi ya Kanisa kadiri ya sheria. Wanaonyimwa wametajwa katika kanoni ya 1184, na ni wachache: walioasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo kwa waamini. Hata hao hawanyimwi kama kabla ya kufa walionyesha dalili za toba. Pakiwa na shaka, anaulizwa Askofu mahalia, na hukumu yake ifuatwe. Tumeitafuta humo sababu ya kutosali jumuiya, na ya kutolipa zaka. Haimo.

Vipi kama hakuna cheti? Kanoni ya 876 inatosheka na tamko la shahidi mmoja asiye na shaka kuthibitisha ubatizo, ikiwa hakuna anayedhurika. Ndugu wa damu aliyepiga simu usiku ule angeweza kuwa shahidi huyo. Simu ya kwenda kwenye daftari la ubatizo ilikuwa jambo jema, lakini haikupaswa kuwa sharti la kumsogelea marehemu.

Jumuiya nayo ina hoja

Hapa lazima tuwatendee haki viongozi wa jumuiya, kwa sababu ni rahisi kwa frateri mwenye kitabu cha sheria mkononi kuwalaumu watu wanaoamka saa kumi usiku kwenda kuchimba kaburi.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni tunda la uamuzi mkubwa wa maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Waliona kwamba parokia kubwa zenye vigango vingi haziwezi kuwa familia. Basi Kanisa lisogezwe mpaka nyumbani kwa watu, majirani wachache wasome Neno, wasali na kusaidiana. Kwetu Tanzania wazo hilo lilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Watu walikuwa wamezoea tangu miaka ya 1960 kuwa na balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo kukutana nyumba kwa nyumba halikuwa jambo geni.

Kwa upande wa Singida, jimbo lilianzishwa tarehe 25 Machi 1972, miaka michache tu kabla ya uamuzi huo, na sura yake ya mwanzo ilikuwa ya misheni za vijijini kama Makiungu. Kijijini kila kaya inajulikana. Daftari la jumuiya huko ni kumbukumbu tu ya jambo ambalo kila mtu analijua. Anayekosa kufika Jumamosi anaulizwa njiani Jumapili. Katika mazingira hayo, mtu "asiyetambulika" ni yule aliyejitenga mwenyewe kwa makusudi, na pengine kwa miaka. Kanuni ya kijijini imehamia kwenye kiunga cha mji bila kubadilishwa, na huko inawakamata watu ambao hawakujitenga. Hawakualikwa.

Kuna pia suala la mzigo. Ndugu msomaji, anayejua msiba wa Kitanzania anajua gharama yake: jeneza, usafiri, chakula cha siku tatu, kuni, maji. Jumuiya ya kaya ishirini ikizika watu watatu kwa mwezi, inachoka. Inapokuja habari ya marehemu wa nne ambaye hakuna aliyemwona hata siku moja, mwenyekiti anauliza swali la haki kabisa: kwa nini sisi tubebe, naye hakutubeba? Wapo pia wanaopuuza jumuiya kwa dharau, wenye uwezo, wakijua kwamba siku ya msiba watampigia paroko simu moja kwa moja. Hasira ya jumuiya imetokana na hao, lakini inamwangukia fundi mwashi.

Tunaona kwamba makosa yako katika kuchanganya vitu viwili. Mzigo wa chakula na turubai ni suala la kusaidiana, na chama cha kufa na kuzikana kina haki ya kuwa na wanachama na michango yake. Sala za Kanisa kwa marehemu ni kitu kingine. Hazina ada ya uanachama. Jumuiya inaweza kusema, "Hatuna fedha za kununua jeneza," na hapo ikasema kweli bila kumkosea mtu. Ikisema, "Hatumtambui, asizikwe na Kanisa," imejitwalia hukumu ambayo, hata pakiwa na shaka, sheria inampa Askofu. Kumzika aliyetupwa ni moja ya matendo ya huruma, na mzee Tobiti wa Ninawi aliacha chakula mezani akaenda kuuchukua mwili wa mtu aliyeuawa na kutupwa sokoni, huku majirani wakimcheka. Alijua tu kwamba ni wa taifa lake.

Babeli, na Uingereza

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa falsafa, tuvumiliwe kidogo. Katika kitabu cha tatu cha *Siasa*, Aristotle anauliza ni nini kinachoufanya mji uwe mmoja. Si kuta, anajibu: mtu angeweza kuizungushia Peloponesi nzima ukuta mmoja na isiwe mji. Anatoa mfano wa Babeli, ambayo inasimuliwa kwamba ilipotekwa, siku tatu baadaye sehemu fulani ya mji ilikuwa bado haijapata habari. Mahali pakubwa namna hiyo, kwake, ni kama taifa zima na si mji. Baadaye anaongeza kwamba hata ungeunganisha Korintho na Megara kwa ukuta mmoja, hazingekuwa mji mmoja, kwa sababu mji ni ushirika wa kuishi vizuri na si kukaa karibu tu.

Mwenyekiti wa jumuiya angeweza kumtumia Aristotle kujitetea: unaona, kukaa mtaani hakutoshi, lazima ushiriki! Na ni kweli kwamba parokia isiyo na ushirika ni ramani tupu. Lakini mfano wa Babeli una upande wa pili. Aibu ya Babeli ni kwamba habari haikufika, na asiyepata habari si mwenye kosa. Katika kiunga cha mji mtu anaweza kuugua, kuzidiwa na kufa umbali wa nyumba nne kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya, na habari imfikie siku ya pili kupitia kwa mwenye bodaboda. Hapo kilichopungua ni mji, na wenye jukumu la kuujenga ni wale waliokwisha kuwamo.

Mfano mwingine unatoka mbali, Uingereza, nchi ambako parokia ilikuwa kwa karne nyingi kila kitu: kanisa, serikali ya mtaa na hazina ya maskini. Sheria ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi ya wakazi. Lilikuwa jambo zuri, maana hakuna maskini aliyekosa wa kumdai. Lakini mwaka 1662 ikaja sheria nyingine iliyoruhusu mgeni anayehofiwa kuwa mzigo arudishwe katika parokia alikotoka. Mpaka ule ule uliomfunga paroko na jirani kwa maskini ukawa sababu ya kumsukumia maskini upande wa pili wa mto. Tunaiona hatari hiyo hiyo kwetu. Mpaka wa parokia, na sasa mpaka wa jumuiya, unaweza kujibu swali "nimhudumie nani?" au swali "nimkatae nani?" Ni mstari ule ule kwenye ramani.

Waingereza hao walikuwa na desturi nyingine ambayo tungependa kuiazima. Katika siku za kuelekea sikukuu ya Kupaa Bwana, paroko alitoka na waamini, wazee kwa watoto, wakatembea kuzunguka mpaka wote wa parokia wakisali na kuyapiga kwa fimbo mawe ya mpaka, ili watoto wakumbuke parokia yao inaishia wapi. Mahali pengine, Oxford kwa mfano, bado inafanyika. Kwa Singida mawe hayatakosekana.

Kutembea

Kanoni ya 529 inamtaka paroko awajue waamini aliokabidhiwa, na kwa hiyo atembelee familia. Inamtaka awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wanaoteseka, wapweke, na walio mbali na nchi yao. Ukiisoma ukiwa umesimama kwenye mtaa wa vyumba vya kupanga Mandewa, utafikiri iliandikwa hapo. Lakini paroko ni mmoja, pengine na msaidizi mmoja, na mitaa inaongezeka kila mvua zinapokwisha na matofali kuchomwa.

Tulichojaribu wakati wa uchungaji wetu ni kitu kidogo, nacho hakikuhitaji fedha. Tuligawana mitaa wawili wawili, kila kundi likiwa na mjumbe mmoja wa WAWATA na kijana mmoja wa VIWAWA. Kwanza tulipiga hodi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kujitambulisha, bila kujali dini yake. Kisha tukafuata vibao vya anwani, barabara kwa barabara, namba kwa namba, na kwa kila nyumba tukawaona wapangaji pia. Hiyo ndiyo tofauti. Daftari la jumuiya limezoea kuandika kaya, na kaya kwa maana yake ni mwenye nyumba. Nyumba moja ya uani yenye vyumba sita vya wapangaji ilikuwa imeandikwa kama kaya moja ya Kiislamu, na kwa hiyo kwa miaka hakuna aliyebisha hodi. Tulikuta humo Wakatoliki, mmoja akiwa muuguzi wa zamu za usiku ambaye Jumamosi asubuhi, saa ya jumuiya, huwa amelala. Hakuwa amekataa jumuiya. Jumuiya ilikuwa imepanga saa yake ya usingizi.

Hatukuuliza zaka. Tuliuliza mambo manne: jina, ulikobatizwa, ndugu wa kupigiwa simu, na kama kuna mgonjwa. Wapo waliotufungia mlango, wapo waliosema wamehamia dhehebu lingine, na wapo wazee wa Kiislamu waliotukalisha, wakatupa maji, na kutuonyesha chumba cha nyuma: "Huyo ni wa kwenu, anaumwa, hatoki." Ukweli ni kwamba wenyeji hao walitusaidia kuwapata Wakatoliki kuliko daftari lolote.

Orodha ilipokamilika iligawanywa kwa jumuiya kulingana na mtaa, na kila jumuiya ikapewa nakala ya ramani iliyochorwa kwa mkono ikiwa na majina ya barabara kama yalivyo kwenye vibao. Mabishano yalianza papo hapo, kwa sababu barabara mbili za karibu na mashine ya alizeti hazikuwa za jumuiya yoyote. Kila upande ulidhani ni za upande mwingine. Katekista alichukua kalamu akazihesabu nyumba zake, zikawa ishirini na tatu. Halmashauri ya Walei imeahidi kulijadili katika kikao chake kijacho kama zianzishiwe jumuiya mpya au zigawanywe. Wakati huo huo mama mmoja anayeuza maandazi pale kona amekubali kuwa ndiye wa kupigiwa simu.